Vijiti Vilivyokaukia Juu ya Jiko

Tak.

Hiyo ndiyo sauti ya kwanza niliyofundishwa kiwandani, na mpaka leo nikiosha vyombo huwa naisikia. Ni sauti ya kijiti cha meno kikivunjwa karibu kabisa na sikio. Kikiwa kimekauka sawasawa kinasema tak, kwa kifupi, kama mtu aliyekasirika asiyetaka maneno mengi. Kikiwa bado na maji kinasema nyeee, kinajikunja, kama kinaomba msamaha. Mama Tumsifu alinivunjia cha kwanza sikioni kabla hata hajaniuliza jina.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sikiliza na hiki." Nyeee. "Hiki kikifungwa kwenye boksi, kitaota ukungu kabla hakijafika Mbeya. Umeelewa kazi?"

Nikasema nimeelewa. Sikuwa nimeelewa chochote, ila nilipenda namna alivyokuwa anafunga macho akisikiliza, kama yuko kwaya.

Nawaandikia ninyi mliobaki pale, hasa wadogo zangu wawili mnaoiangalia ile mashine mpya yenye macho, inayochambua vijiti upesi kuliko meza nzima ya akina mama. Barua niliyopewa na kiwanda inasema nafasi yangu imeondolewa kwa sababu za ufanisi. Mimi nimeamua kusema nimestaafu. Nina miaka thelathini na mitatu. Nilipomwambia mama yangu alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Mstaafu gani bado ana chunusi?"

Nikamwambia, mama, mtu anastaafu kazi ikiisha, na kazi ya kuchambua kwa mkono imekwisha kabla yangu. Akacheka tena. Basi na ninyi chekeni, halafu tuendelee. Vyeo sitavisema kwa sababu sikuwa navyo, na mshahara mnaujua.

Nilifika Makambako na cheti cha kidato cha nne chenye sifuri ya kutosha kuvingirisha mpaka Njombe, begi la kuazima, na ndoto nyingi kuliko nguo. Kwetu ni upande wa Njombe, karibu na misheni, familia ya Kikatoliki yenye viazi na watoto wengi. Nilitaka kuwa rubani, hesabu ikakataa. Nikataka kuwa mtangazaji, sauti ikakataa. Shangazi yangu wa Mahongole akasema kuna kiwanda kimefunguliwa cha kutengeneza vijiti vya meno kwa mianzi, wanataka wasichana wenye mikono myepesi. Nikaangalia mikono yangu. Haikukataa.

Siku hiyo ya kwanza niliacha mlango wazi. Upepo wa Makambako mnaujua, mgeni hudhani umetumwa na mtu mwenye kinyongo naye. Uliingia, ukakusanya vijiti vya mezani, ukatoka navyo. Nikakimbia nje kuvifukuza, nikiwa na ndoo, huku kuku wa jirani wanakimbia upande wa pili.

"Mwali!" Mama Tumsifu aliniita kutoka mlangoni. "Acha! Hivyo vimeshauzwa!"

"Kwa nani, mama?"

"Kwa upepo. Rudi ndani, ufunge mlango, uombe huyo mteja asirudi."

Lakini ndiye huyohuyo aliyenionyesha kwamba upepo unaweza kuajiriwa. Alitoka nyumbani kwake na ungo wa kupepetea mahindi, akasimama pale mlangoni, akarusha vijiti juu na kuvipokea. Vilivyovunjika na vilivyo vyepesi vikaenda na upepo, vizima vikabaki ungoni, vimelala vyote upande mmoja. Fundi wa nje aliyekuja kufunga mashine alisimama akatazama, akapiga picha. Tangu siku hiyo kila mwanamke wa meza yetu alikuja na ungo wake. Wangu bado ninao. Kwa sasa nawekea dagaa.

Kuhusu mianzi yenyewe: wengi wenu hamjui kwamba mwanzoni tulichukiwa na wazee. Nchi hii mwanzi ni ulanzi, na ulanzi ni mazungumzo ya jioni. Babu mmoja wa Wanging'ombe aliteremsha mzigo wake wa mianzi huku anautazama kama anazika ndugu.

"Mnaua pombe ya watu, wajukuu zangu."

"Babu, tunachukua iliyozeeka tu," nikamwambia. "Haitoi ulanzi tena hii."

"Hata mimi nimezeeka. Mtanichonga vijiti?"

Mwanzi ulikatwa vipande, ukachanwa, ukachemshwa kwenye pipa kuua wadudu, ukapitishwa kwenye mashine ya kuuviringisha, ukakatwa, ukakaushwa kwenye chumba cha joto chenye feni kubwa, ndipo ukachongwa ncha na kutufikia mezani. Kwenye karatasi ilionekana safari fupi. Ndani ya kiwanda ilikuwa hija. Fundi Sanga, Mkinga wa Makete, mtu mfupi asiyetoa bisibisi mfukoni hata akienda msibani, alichukua chaki siku moja akafuata beseni moja la vijiti tangu linaingia mpaka linatoka, akichora sakafuni njia yake. Alipomaliza, sakafu ilikuwa kama nywele za mtu aliyetoka kulala.

"Tazameni," akasema. "Beseni hili limetembea kuliko mimi nikienda kanisani."

"Wewe kanisani huendi," Mama Tumsifu akamjibu. Mama Tumsifu alikuwa Mlutheri wa tangu babu zake, na mahudhurio ya watu aliyajua.

"Ndiyo maana nasema limetembea sana, mama."

Tukahamisha meza, tukasogeza pipa la kuchemshia karibu na mashine ya kuchana, na vipande vilivyobaki, vilivyokuwa vinatupwa, vikawa kuni za pipa lilelile. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa. Lakini kazi iliyokuwa inatufikisha jioni ikawa inaisha kabla ya chai ya alasiri. Nawaambia hili ninyi wa mashine yenye macho, msije mkafikiri ufanisi uliletwa na kontena. Kwetu ulianza na chaki, na mtu aliyechoka kutazama wenzake wakitembea bure.

Sasa nieleze lile jambo la ushuru, kwa sababu bila hilo kisa changu hakitaeleweka. Meneja wetu, Bwana Mlowe, alitukusanya uani akatueleza kama darasa. Vijiti vya kutoka nje, alisema, vimewekewa ushuru mkubwa bandarini, ili vikifika dukani viwe ghali kuliko vyetu. Sisi ni kiwanda kichanga. Serikali imetufunga mbeleko, imetuweka mgongoni. Tunakula, tunakua, halafu tunashuka tutembee.

Mama Tumsifu akanyoosha mkono. "Tutashuka lini?"

"Tukianza kuuza nje ya nchi, mama."

"Na tukichelewa?"

"Watatushusha hivyohivyo."

Fundi Sanga akasema kwa chini, lakini kwa chini ya watu wote kusikia: "Akina mama mnawajua watoto. Akishazoea mgongo, analegeza miguu makusudi."

Tulicheka sana siku hiyo. Halafu tukalegeza miguu.

Sitawaficha. Vijiti vya nje viliadimika madukani, vyetu vikanunuliwa vikiwa vizuri, vikanunuliwa vikiwa vibaya. Msimu wa mvua ukija, chumba cha kukaushia kinazidiwa, na meza nzima inajua kwamba mzigo una maji. Mtu mmoja anauliza, hivi vipite? Mwingine anajibu, vitanunuliwa tu, kwani kuna vingine? Sentensi hiyo ilikuwa tamu. Hata mimi niliisema. Kila boksi lilikuwa na kadi ndogo ndani, yenye namba ya aliyechambua. Mama Tumsifu alikuwa Namba Moja, mimi Namba Nne. Yeye akikuta nyeee analirudisha beseni zima chumba cha joto, anagombana na Fundi Sanga, anachelewa kwenda nyumbani. Mimi nilikuwa na moyo mwepesi. Nilikuwa naongea na vijiti: wewe utaenda harusini Iringa, wewe utamchokonoa mbunge. Nikikuta kimoja kilegevu nakionea huruma, naona kimeshatoka mbali, nakiacha kiende na wenzake.

Ndipo ukaja mwaka wa lori. Mnunuzi wa Lusaka alitaka lori moja la vijiti, na vikimpendeza angechukua malori mengine. Wakati huohuo watu wa wizara walikuwa wanakuja kututazama, kwa sababu ilikuwa imesemwa wazi kwamba ushuru unafikiriwa upya. Bwana Mlowe hakutumia mifano ya watoto safari hii.

"Lori likiondoka, tumeonyesha tunaweza, tunapewa muda. Lisipoondoka, ushuru unashushwa, vijiti vya nje vinaingia kwa bei ya kutupa, na mimi na ninyi tunarudi shambani. Limeeleweka?"

Lilieleweka. Na juma hilohilo feni ya chumba cha joto ikaungua.

Feni mpya iliagizwa. Ikafika bandarini, ikakaa. Inasubiri karatasi za ushuru. Sisi tuliobebwa na ushuru tukawa tunakauka, au tuseme tunashindwa kukauka, kwa ushuru huohuo. Fundi Sanga alisema angecheka kama angekuwa mtu wa kiwanda kingine. Nje mvua, ukungu umekaa juu ya mabati kama umelipia pango.

Mama Tumsifu ndiye aliyepata akili. Alisimama mbele ya meza akasema, "Mahindi yenu yanakauka wapi msimu huu?"

Tukatazamana. Kila mmoja wetu alikuwa na jiko lenye dari, ile ya fito juu ya moto, ambako mahindi ya mbegu, maharage na vitunguu vinalala miezi na miezi na havipati ukungu. Babu zetu wote walikaushia pale. Kwa nini visikauke vijiti? Bwana Mlowe alimtazama kama aliyeona malaika mwenye kilemba. Siku hiyo magunia yakagawanywa, kila mama na lake, wa Mahongole, wa Makambako mjini, wa vijiji vya jirani. Tuliyabeba tukiimba. Mama Tumsifu alitembea mbele, amenyooka. Nilifikiri, siku moja nitawaambia wanangu kwamba nilimwona mtu aliyeokoa kiwanda kwa dari ya jikoni.

Nilipandisha gunia langu kwa shangazi, na kesho yake nikapigiwa simu kwamba mama yangu tumbo limemzidi, anapelekwa hospitali ya Ikonda. Nikaomba ruhusa, nikaenda kumuuguza.

Nilikaa naye hospitalini zaidi ya wiki mbili. Alipasuliwa, akapona, akaanza kulalamikia uji, nikajua kapona kweli. Mambo mawili yalinipata huko. La kwanza sikulitambua: kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilikaa siku zote hizo mahali pasipo moshi, pananuka sabuni na shuka zilizopigwa pasi. La pili nililitambua vizuri mno. Nilikuwa nakula wali maharage kwenye mgahawa mmoja barabarani, na meza ya pili alikuwepo mzee wa Kikinga amevaa koti zito, anachokonoa meno. Mara akasimamisha mkono. Akaingiza vidole viwili mdomoni. Akatafuta sana.

"Kimebaki humo humo," akamwambia mwenye mgahawa. "Nusu iko ndani. Sasa nachokonoa kijiti kwa kijiti!"

"Pole, baba. Ni vya hapa nyumbani hivyo. Vinalindwa."

"Vinalindwa vyenyewe! Na jino langu nani analinda?" Akaliinamia boksi lililokuwa juu ya kaunta, akatoa kadi. "Namba Nne. Huyu Namba Nne ni nani, nimpelekee jino langu alitazame?"

Mwenye mgahawa akacheka. "Labda huyu dada anamjua, anatokea Makambako."

Mzee akanigeukia. Alikuwa na macho mazuri, yenye machozi ya kuchokonoa.

"Unamjua, mwanangu?"

"Hapana, baba," nikasema. "Simjui."

Nilimkana mtu aliyekuwa mimi mwenyewe, na hata jogoo hakuwika. Wali ulinishinda. Nilimwacha mama kwa dada yangu alipotoka hospitalini, nikarudi Makambako nikiwa nimejiapiza kwamba kijiti cha Namba Nne hakitabaki tena mdomoni mwa mzee mwingine.

Nilifika kiwandani siku moja kabla ya lori. Maboksi yamepangwa ghalani mpaka karibu na dari, yote bado wazi juu, yanasubiri kadi na karatasi ya gundi. Wenzangu walinipokea kwa vigelegele. Mama Tumsifu akanishika mkono, akachota vijiti, akavunja kimoja sikioni kwangu. Tak. Akavunja kingine. Tak. Vyote tak, safi kabisa, tak kuliko ya chumba cha joto.

"Kamwene, mwali wangu," akanisalimu. "Umesikia dari zetu?"

Nilisikia. Lakini pua yangu, iliyokuwa imeoshwa wiki mbili na sabuni ya hospitali, ilikuwa imeshaniambia jambo jingine.

"Nani anachoma nyama humu?" nikauliza.

"Hakuna anayechoma."

"Mama, kunanuka moshi. Moshi na maharage."

Wakacheka. Wakaninusia vijiti mmoja mmoja, wakatikisa vichwa. Hakuna kitu. Fundi Sanga akavuta pumzi mpaka koti likapanda. "Mimi, dada, tangu utoto nanusa grisi tu. Lakini naona mzigo uko salama, wewe umechoka safari."

Nilianza kujitilia shaka. Halafu nikaelewa. Kanga zao zilinuka moshi, nywele zao, mikono yao. Wamelala na moshi, wameamka nao. Tulikuwa tumemwomba samaki atuambie kama maji yamelowa.

Nikaenda jikoni kwetu pale kiwandani, nikachota kiganja kizima cha vijiti, nikavitia kwenye kikombe, nikamimina maji ya moto, nikafunika na kisahani. Nikasubiri. Wote walinitazama kama napika dawa. Nikampa Bwana Mlowe.

"Nini hiki?"

"Chai ya vijiti, bosi. Onja kidogo."

Akafunua, mvuke ukampiga usoni. Akaonja. Uso wake ukabadilika taratibu. "Maharage," akasema. "Maharage ya jana."

Kikombe kikazunguka. Mwisho kikamfikia Mama Tumsifu. Yeye hakuonja, alikunywa. Akakiweka mezani kwa upole.

"Hili ni jiko langu," akasema.

Mngeona uso wake. Sijawahi kujuta kuwa na pua kama siku ile.

Bwana Mlowe akakaa juu ya gunia. "Sikilizeni. Lori linafika kesho asubuhi. Wageni wa wizara wanafika kesho asubuhi. Lusaka nao wana majiko. Watu wangapi watachemsha vijiti wanywe? Fungeni maboksi."

Hakuna aliyesogea.

"Wekeni kadi, nasema!"

Nilikuwa namwona akilini yule mzee wa Ikonda, vidole viwili mdomoni. Nikasema, na sauti iliyonikatalia utangazaji ikanikatalia tena, ikatoka nyembamba: "Bosi, Namba Nne haitoki."

"Unajua unachokisema? Unatufukuzisha kazi wote!"

"Najua. Najifukuzisha na mimi. Lakini safari hii siwezi kusema vitanunuliwa tu. Kule hawajafungwa mbeleko, wana vingine vya kununua."

Akamgeukia Mama Tumsifu, kwa sababu Namba Moja ikiwekwa, wote wangefuata. Mama Tumsifu alitoa kadi zake kwenye mfuko wa aproni, zile zote alizokuwa ameziandaa kwa ajili ya Lusaka, zimefungwa kwa uzi. Akazilaza mezani.

"Na Moja haitoki," akasema. "Si leo wala siku nyingine. Namba yangu imenuka." Akachukua ufagio, akaanza kufagia, na hakunitazama.

Kesho yake dada wa wizara alishuka kwenye gari na viatu vyeupe, akakuta lori tupu, dereva wake amelala, na meneja amesimama mlangoni na kikombe.

"Karibu chai," Bwana Mlowe akamwambia.

Alikunywa, akakohoa, akaelezwa yote. Dari, moshi, feni iliyokwama bandarini. Bwana Mlowe hakuficha kitu, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Yule dada aliandika muda mrefu. Mwisho akauliza nani aligundua, wakanisukuma mbele. Akanitazama, akacheka peke yake.

"Nina mapacha nyumbani," akasema. "Mtoto akianza kusema mwenyewe kwamba amejikojolea, huwa najua siku zake za mgongoni zinakaribia kuisha. Siahidi chochote kuhusu ushuru. Ila nipeni karatasi za hiyo feni."

Feni ilifika. Mnunuzi wa Lusaka alibembelezwa kwa simu, akakubali kusubiri. Vile vijiti vya moshi tuliviuza kwa wachoma nyama wa stendi, ambako moshi wetu ulikutana na moshi mwenzake wakapatana. Mmoja alirudi kuuliza kama bado tuna vile vyenye ladha.

Yaliyokuja baada ya lori hilo mliyakuta: malori mengine yalifuata, ushuru ukapunguzwa kidogo kidogo, tukashuka mgongoni bila kuanguka sana, ninyi mkaajiriwa, mashine yenye macho ikaja. Sitayarudia. Mimi namalizia na siku ya kupakia.

Mzigo wote wa Lusaka ulianzwa upya, kwa mwanzi mpya kabisa, na aliyesimama kwenye mlango wa chumba cha joto siku zote hizo alikuwa Mama Tumsifu. Alikuwa anaingia humo anatoka jasho linatiririka, anavunja, anasikiliza, kisha ananusa, kisha anatia kwenye kikombe cha maji ya moto, anasubiri, anaonja. Beseni baada ya beseni. Lakini mezani hakurudi, na kadi hakugusa. Akimaliza kukausha anachukua ufagio. Na mimi alikuwa ananipa maneno ya kazi tu. Lete beseni. Funga mlango. Sogea. Nilimtengea chai, akainywa, akakishukuru kikombe, si mimi. Nilijaribu utani wa Waroma na Walutheri, uliokuwa hauishi kati yetu, akasema, "Mwali, kuna vumbi hapo ulipo." Nikasogea, akafagia.

Lori likaja. Maboksi yakatoka moja moja, kila moja na kadi ya mtu wa meza yetu. Zilipobaki dakika chache watu wote wakakimbilia nje. Bwana Mlowe alikuwa anataka kupiga picha, Fundi Sanga anagombana na dereva kuhusu kamba, akina mama wanapiga vigelegele mpaka upepo unavichukua. Nilimwona Mama Tumsifu naye, nyuma ya wote, ameegemea ukuta na ufagio wake.

Ndani nilibaki na boksi la mwisho. Lilikuwa langu kulifunga. Nilichota kiganja, nikanusa, sikusikia kitu, nikarudisha. Kadi yangu ilikuwa mkononi. Nikavuta droo ya meza, nilimokuwa nimezihifadhi kadi za Mama Tumsifu tangu siku ile, nikafungua uzi, nikatoa kadi moja ya Namba Moja, nikailaza juu ya vijiti, uso juu. Yangu nikaitia mfukoni. Nikabandika karatasi ya gundi mara mbili, nikalibeba boksi mwenyewe mpaka kwenye lori.